Barua ya Posa Iliyokuja kwa Posta

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuwabembeleza wanajeshi wa Uingereza wasiache jeshi, huku mimi mwenyewe nikiwa na mkataba wa mwezi mmoja mmoja. Wakati ule sikuona ajabu. Ukishaishi London muda wa kutosha, mambo mengi huacha kuwa ajabu, na kodi ya nyumba haikuachii nafasi ya kushangaa.

Watu wa nyumbani nikiwaambia kwamba nilifanya kazi ya jeshi hunitazama mabegani kama wanatafuta nyota. Sikuwahi kushika bunduki. Serikali ilikuwa na stahili mbili za kuwapa askari wake. Moja ni ya masomo: askari akitumikia muda wa kutosha, analipiwa kozi. Nyingine ni malipo ya kubaki: askari mwenye ujuzi unaotafutwa anapewa fedha, naye anakubali kutoondoka kwa miaka kadhaa. Shughuli za stahili hizo serikali iliziona usumbufu, ikaipa kampuni kubwa. Kampuni kubwa nayo ikaona usumbufu, ikaipa kampuni ndogo. Kampuni ndogo ikamwendea wakala wa ajira, na wakala akanipigia mimi, nikiwa Barking, mashariki ya London, kwenye foleni ya samaki. Kati yangu na jeshi palikuwa na watu wengi, na kila mmoja alikuwa ameshakula kabla sahani haijanifikia.

Ofisi ilikuwa Ilford, juu ya duka la simu, mlango mwembamba usio na kibao. Tuliambiwa kibao hakipo kwa sababu za usalama. Mtaa mzima ulijua tulipo, na vifurushi vya majirani vililetwa kwetu.

Masharti yalikuwa mengi, ila mawili ndiyo yaliyonikaa kooni. La kwanza, tunaeleza, hatushauri. Askari akikuuliza afanye nini, unamsomea chaguo zake tena, taratibu zaidi. La pili, unazungumza na mwenye jalada tu. Akipiga mkewe, mama yake au rafiki yake, huruhusiwi hata kusema kama unamjua. Simu zote zilirekodiwa, na kulikuwa na watu mji mwingine ambao kazi yao ilikuwa kusikiliza baadhi na kutupa alama. Mimi nilikatwa alama za salamu kila mara. Waliandika kwamba namuuliza mteja habari za nyumbani pasipo sababu ya kikazi.

Msimamizi wangu alikuwa Mhindi aliyezaliwa papa hapa, wazazi wake wametoka Mwanza. Kiswahili chake alikipata jikoni kwa bibi yake, kwa hiyo alijua majina ya vyakula vyote na matusi mawili. Alikuwa mtu mwema. Kila mwisho wa mwezi alijua kabla yangu kama nitaendelea kuwepo, na alikuwa akipita mezani kwangu na kuninyooshea dole gumba. Kisha ndiyo inaingia barua pepe ya wakala: mkataba wako umeongezwa mwezi mwingine, huna haja ya kujibu, usipojibu tutachukulia kuwa umekubali. Sikujibu hata siku moja.

Asubuhi moja ya baridi kengele ya chini ikalia. Msimamizi akashuka, akarudi na uso uliobadilika.

"There's an uncle downstairs," akasema. "He wants to see the elders."

"Elders gani?"

"Ours, I think. Wazee wa ofisi."

Tukatazamana ofisi nzima. Wengi walikuwa vijana waliomaliza chuo juzi. Mwenye mvi nilikuwa mimi, nikashuka.

Pale chini ya ngazi, kando ya baiskeli ya mtu, alisimama mzee mrefu wa koti la kijivu na kofia ya vito, ile ya kudariziwa kwa mkono, iliyofuliwa ikang'aa. Mkononi alishika kitu kilichofungwa kwa leso nyeupe. Nilimwamkia, akaitikia, tukaanza kuulizana habari. Tuliulizana ya asubuhi, ya baridi, ya safari, ya watoto, ya huko ulikotoka, na hapo ikajulikana kwamba yeye ni wa Pangani na mimi ni wa Tanga mjini, basi tukarudia habari upya kwa kuwa sasa tulikuwa karibu ndugu. Bahati nzuri ngazi zile hazirekodiwi.

Akafungua leso. Ndani yake ilikuwa barua yetu. Niliitambua kwa nembo, na kwa ule ubaya wa herufi zetu.

"Barua hii imekuja kwa posta," akasema.

"Baba, kwa sheria siwezi kusema kama inatoka kwetu."

"Anwani ya hapa imeandikwa juu."

"Ndiyo, baba."

"Imeingizwa tunduni mlangoni, ikaangukia juu ya matangazo ya piza. Kijana wangu anaandikiwa kwangu. Nimemkabidhi, ameifungua, akanisomea. Mnasema mnamtaka abaki kwenu miaka mingine. Na fedha mmezitaja."

"Baba, siwezi hata kusema kama huyo kijana yupo au hayupo."

"Yupo," akasema. "Nimemlea mimi."

Akaikunja barua, akaifunga tena kwenye leso, polepole, pembe kwa pembe.

"Sasa mwanangu, wewe ni mtu wa Tanga, hili sikufundishi. Barua ya kumtaka mtu haipigwi stempu. Inaletwa na mtu. Anabisha hodi, anakaa, anakunywa chai, anaulizwa ametoka kwa nani. Nyinyi mmetaja fedha kabla ya salamu. Mimi sikatai. Nasema hajaja mtu. Siku akija, tutazungumza."

Akaniaga vizuri, akatoka akaelekea stesheni. Nilipanda juu nikaangalia kwenye mwongozo wetu wa majibu. Palikuwa na jibu la mteja anayelalamikia kodi, na la mteja anayetukana. La mzee anayesema hajaja mtu halikuwepo.

Kwa wasiotoka pwani nieleze kidogo. Kwetu mtu akitaka kuoa haendi mwenyewe. Humtuma mshenga, mtu mzima mwenye ulimi, na mshenga hupeleka barua ya posa imefungwa vizuri na fedha kidogo ya kufungulia mazungumzo. Wazee wa upande wa pili huuliza maswali, huvuta muda, huleta vizingiti. Mwisho mmoja wao humgeukia binti na kumuuliza anasemaje. Akisema sitaki, limeisha. Akinyamaza, amekubali. Binti hatakiwi kuropoka ndiyo mbele ya watu, kwa hiyo kimya chake ndiyo jibu, na kila mtu hushusha pumzi na vyombo huanza kugongana jikoni.

Mimi niliposwa hivyo. Baba yangu mdogo alikuja nyuma ya mlango akaniuliza, umesikia, unasemaje? Nilikuwa na kitumbua mdomoni, kizima, cha moto. Nilikuwa nakizungusha nipate kusema ngojeni kwanza. Nilipokimeza nikasikia vigelegele. Ndoa ile haikuwa mbaya sana. Ilitufikisha Uingereza, ikaisha huku, na kila mtu akachukua masufuria yake. Lakini tangu siku ile sijaamini sana kimya cha mtu mpaka nijue alikuwa anatafuna nini.

Turudi kwa mzee. Kijana alikuwa na jalada kwetu, na nilipaswa kumpigia hata kama mzee asingekuja, maana muda wa ile ofa ulikuwa unakwisha mwisho wa mwezi. Asipokubali kabla ya hapo, ofa inakufa, na utumishi wake unaishia majira ya kuchipua. Atakuwa raia, na mlango ule haufunguliwi tena. Alikuwa fundi wa magari mazito kwenye kambi moja ya kaskazini. Nilipomwambia jina langu akasikia lafudhi, akaacha Kiingereza.

"Shikamoo, anti."

Kiswahili chake kilikuwa cha mtoto aliyeondoka nyumbani angali mdogo, kisafi na chenye maneno machache. Nikamwuliza kama barua ameipata.

"Yes, anti. Nimeipata."

"Una swali lolote?"

"Hapana. Mzee ameshasema."

"Amesema nini?"

"Kwamba hajaja mtu."

Nikamsomea chaguo zake. Akisaini, anabaki, anapata fedha, na stahili yake ya masomo inaendelea kukua. Asiposaini, anatoka, na stahili aliyokwisha kuipata anatoka nayo. Akasema ameelewa. Ndipo nikamwuliza swali ambalo halimo kwenye mwongozo na linakatwa alama.

"Na wewe mwenyewe unataka nini?"

Nyuma yake nilisikia chuma kinagongwa.

"Mzee ndiye anaongea, anti," akasema.

Nikaandika: mteja anatafakari.

Sitaficha, nilikasirika. Kwanza nilimkasirikia mzee. Niliona anamkalia kijana kichwani kwa mambo ya Pangani, wakati kijana anakula, analala na anaagizwa na watu wasiojua Pangani iko wapi. Kisha nikaisoma ile barua yetu tena, nayo ikanikasirisha zaidi. Ilianza na fedha. Ilimalizia kwa kusema isijibiwe, kwa sababu imetolewa na kompyuta na majibu hayasomwi na mtu. Ukiisoma kwa macho ya mzee, ilikuwa barua ya posa iliyoandikwa na mtu mlevi.

Nilimweleza msimamizi nikitegemea acheke. Hakucheka. Shangazi yake aliwahi kukataa mchumba mzima kwa sababu mithai, vile vitamu vya Kihindi vya uchumba, ililetwa na dereva wa kampuni ya vifurushi, akaomba asainiwe.

"So somebody just has to go and drink tea?"

"Ndiyo."

"Tea's not in the contract." Akageuza kalamu mezani. "But what you do on Saturday, with your own people, I wouldn't know, would I?"

Nyumbani binti yangu aliniona napiga pasi baibui la harusi. Anaelewa Kiswahili chote, na hunijibu kwa Kiingereza chote.

"Naenda kumposa mwanajeshi," nikamwambia.

"For who?"

"Kwa ajili ya serikali."

"Are they paying you?"

"Hapana."

Akarudi kwenye simu yake. Baadaye kidogo akasema kutoka chumbani, "Mum, wear the gold one, though."

Jumamosi nilinunua halua Ilford, kwa watu waliotoka Nairobi wanaojua kuipika isigande menoni. Nikapanda treni ya Elizabeth line, nikabadilisha Whitechapel, nikashuka Woolwich, anakokaa mzee. Sokoni nikaongeza machungwa, kwa sababu mshenga haendi na kitu kimoja. Mzee nilikuwa nimempigia mapema kwa simu yangu mwenyewe, kwa namba aliyoniachia pale ngazini, na kumwambia nitapita kumsalimia. Alijua maana yake. Alisema kijana yupo likizo, na lifti mbovu.

Alinifungulia akiwa na kanzu. Nyumba ilikuwa ndogo na safi mno, usafi wa mwanamume anayeishi peke yake na hataki kusemwa. Ukutani palikuwa na picha ya marehemu mkewe. Mezani kulikuwa na sahani ya vitumbua alivyopika mwenyewe, na birika. Kijana alikaa kwenye kiti kando ya mlango wa jikoni. Alikuwa mkubwa, mabega yamejaa, amevaa soksi, mikono imelala magotini. Ndipo nikaambiwa kwamba mzee ni baba yake mkubwa, na kwamba baba mzazi alifariki kijana akiwa hajaanza shule.

Tukasalimiana, tukanywa chai, tukasema ya mvua. Kisha nikaweka kikombe chini.

"Baba, nimetumwa."

"Na nani?"

Hilo lilikuwa swali gumu. "Na wakala, aliyetumwa na kampuni, iliyotumwa na kampuni, iliyotumwa na serikali."

"Ukoo mkubwa."

"Mkubwa, baba."

Ukweli ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyenituma. Nadhani alijua. Washenga wengi huongeza kidogo.

Akaanza maswali, na niliona yanampa raha. Wanamjua kijana? Nikasema wanaijua namba yake. Watamlisha? Watamlisha. Anaswali, je, wana habari? Wana habari, na pahali pa kuswalia pametengwa. Atakaa wapi? Nikasema mahali atakapopangiwa, pengine mbali zaidi ya sasa. Mzee akanywa chai.

"Na siku wakimchoka?"

Nikachukua chungwa nikaanza kulimenya. Akanisaidia kwa kuanza kuzungumza mambo yake.

Alikuwa msukuma vitanda hospitalini tangu afike Uingereza. Aliwasukuma watu kwenda kupasuliwa, akawasukuma kurudi, na wasiorudi akawasukuma kwingine. Alipofika umri, alikwenda kwa mkuu wake kusema anafikiria kustaafu. Alisema anafikiria. Mkuu akasema vizuri sana, hongera. Siku ya mwisho wakamletea keki ya karoti. Mpaka leo haelewi kwa nini mtu atie karoti kwenye keki. Wakapiga makofi, akakabidhi kitambulisho, akavaa koti. Alitembea polepole ile korido yote ili mtu apate nafasi ya kumwita.

"Walinishukuru," akasema. "Nyote mnashukuru vizuri sana nchi hii. Hakuna aliyesema, mzee, baki kidogo. Ningebaki. Ningebaki hata bure."

Kijana alikuwa ameinamisha kichwa. Sidhani alikuwa amewahi kuisikia habari ile.

Hapo nikaelewa nimeingia wapi. Mzee hakutaka kijana asaini. Alitaka muda upite, utumishi uishe, kijana arudi Woolwich, apate kazi gereji ya jirani, sahani ziwe mbili tena. Lakini hakutaka kumwambia usiende, kwa sababu ukishamwambia mtu usiende umemfunga. Basi akajenga ukuta wa mila na kukaa nyuma yake: hajaja mtu. Ulikuwa ukuta mzuri. Serikali ya Uingereza isingeweza kuuruka hata kwa ngazi. Na mimi, kwa kiherehere changu na halua yangu, nilikuwa nimekuja. Mtu amekuja, ameketi, amekunywa chai, amejibu. Kilichobaki ni kimoja tu, na mzee alikuwa mwaminifu mno kukiruka.

Nilitamani nisingekuja. Niliangalia mlango nikahesabu kama naweza kujifanya nimepata simu.

Akamgeukia kijana.

"Umesikia," akamwambia. "Wamekuja watu. Wanakutaka kwa miaka mingine. Fedha wametaja, na sasa na salamu wameleta. Nakuuliza mbele ya mgeni. Unasemaje?"

Alikuwa na hakika. Niliiona hakika hiyo usoni mwake, ile ya mtu anayeuliza swali ambalo jibu lake amelilea mwenyewe. Alikuwa anangojea neno moja, sitaki, ili anigeukie aseme, basi mwanangu, umesikia, wasalimie waliokutuma.

Kijana hakusema kitu. Friji lilinguruma jikoni, likaacha. Nje basi lilisimama, likaondoka.

"Sema, mwanangu," mzee akasema. "Usione haya."

Kijana alitazama zulia. Sisi wawili, mtu wa Pangani na mtu wa Tanga, tulikaa pale na vikombe vyetu, na wote tulijua tunachosikia. Kijana naye alijua. Amelelewa na mzee yule, amepelekwa kwenye posa za watu tangu utoto. Hangeweza kumwambia baba yake mkubwa ndiyo, nakuacha, hata kwa bunduki. Lakini mzee mwenyewe alikuwa amemwekea mezani namna ya kulisema bila kulisema, na yeye akaiokota.

Mzee alingoja zaidi ya inavyongojwa. Kisha mkono wake ukashuka kutoka kwenye mkono wa kiti, ukalala gotini.

"Haya," akasema, taratibu. "Amekubali."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Nilikuwa mwanamke peke yangu pale. Mzee akachukua kitumbua, akakiweka kwenye kisahani, akanipa. Akasema niwapelekee salamu. Nilikila kitumbua kile chote kwa heshima, na nilijisikia kama mwizi anayekaribishwa chakula katika nyumba aliyoiba.

Kijana akanisindikiza stesheni. Tulipita sokoni, watu wanafunga meza, wanauza ndizi za mwisho kwa kelele. Nami nilikuwa na swali moja tu.

"Pale ulipoulizwa, ulikuwa na kitu mdomoni?"

Akanitazama. "Hapana, anti."

"Hukuwa unatafuna?"

"No."

"Una hakika? Kitumbua, chochote?"

"Sikula kitu, anti. Nilishindwa kula." Tukafika kwenye ngazi. "Kwa mdomo nisingeweza. Not to him."

Nikamwambia basi vizuri. Nikamwambia pia ampigie mzee simu kila apatapo nafasi, asisubiri sikukuu. Huo ulikuwa ushauri, na mimi nilikuwa siruhusiwi kushauri, lakini ilikuwa Jumamosi.

Jumatatu akasaini, kwa kubonyeza kitufe. Kompyuta ikatoa rangi ya kijani. Msimamizi alileta sambusa bila kusema ni za nini, akaziweka karibu na meza yangu kuliko meza za wengine. Juu yetu, kwenye zile kampuni zote, hakuna aliyeuliza imekuwaje. Mchana ule ule barua pepe ya wakala ikaingia: mwezi mwingine, usipojibu tutachukulia kuwa umekubali. Safari hii niliitazama muda mrefu. Nilifikiria kuandika kitu. Lakini nilikuwa na sambusa mdomoni, na simu ikaita.

Majira ya kuchipua yalipofika, nikapokea simu asubuhi, nikasoma maneno ya kufungulia, na nikasikia sauti ya mtu anayekohoa kwa adabu kabla ya kusema.

"Assalaam alaykum, mwanangu."

Nikaitikia. Nikamwambia kwanza, kwa sababu ilinibidi, kwamba simu inarekodiwa, na kwamba kama anaulizia jalada la mtu mwingine siruhusiwi kusema lolote, hata kama mtu huyo yupo.

"Najua," akasema. "Ulishaniambia kwenye ngazi. Mimi siulizi kitu. Nasalimia tu."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Habari za asubuhi?"

"Nzuri, baba."

"Habari za kazi?"

"Nzuri."

"Huku kuna mtu wangu yuko mahali simu haishiki," akasema. "Mazoezini. Aliniambia mapema, wiki kadhaa nisitegemee. Basi nikasema nikusalimie wewe." Akakohoa tena. "Habari za watoto?"

"Wazima, baba. Wazima kabisa."

"Wanakula?"

"Wanakula."

"Habari za masomo?"

Kwenye skrini jalada la kijana lilikuwa wazi. Nilikuwa nimelifungua niliposikia kile kikohozi. Kabla ya kwenda mazoezini kijana aliomba kozi kwa stahili yake, na kibali kilikuwa kimetoka asubuhi ile ile. Uhandisi, jioni, miaka miwili. Katika nafasi ya kueleza anataka kusoma wapi, alichagua chuo kilicho umbali wa kutembea kutoka nyumbani kwa mzee, kuanzia siku atakapopangiwa London, na kuomba kupangiwa London alikuwa ameshaomba.

"Nzuri sana, baba," nikasema. "Habari za masomo ni nzuri sana. Masomo yatakuwa karibu. Karibu tu na nyumbani."

Akanyamaza. Saa ya simu kwenye skrini ilikuwa imegeuka nyekundu, ishara kwamba nimepitisha muda, na mahali fulani mji mwingine mtu atanikata alama. Nilimwacha anyamaze kadiri alivyotaka. Sikumuuliza kama ana kitu mdomoni.

"Haya," akasema mwishowe, na sauti ilikuwa imelowa. "Nilikuwa nasalimia tu."

Alipokata, kompyuta ilinitaka nichague sababu ya simu. Salamu haikuwemo. Nikachagua mengineyo, nikapokea simu iliyofuata.